Mbwa Huleta Alichonusishwa

Mbwa huleta alichonusishwa.

Mliyasikia maneno hayo jana, wajukuu zangu, mkacheka bila kujua mnacheka nini. Madinda alikuja hapa kulalamika kwamba mwanawe wa miaka minne ana matusi ya kutisha, na eti hajui ameyatoa wapi. Sisi wote tunajua. Madinda akiingiza ng'ombe zizini, wenye haya huziba masikio. Ndipo shangazi yenu akamtupia maneno hayo matatu, naye akaondoka bila kumaliza chai. Leo mnataka chanzo chake. Wekeni karanga chini basi, maana mkitafuna hivyo nitakuwa nawasimulia mbuzi. Yalipatikana hivi.

Palikuwa na fundi wa baragumu aliyeitwa Chidawali. Zamani hizo baragumu ndiyo iliyoita watu: moto ukishika nyasi, simba akionekana, mtoto akipotea, au mvua ya kwanza ikija na watu wakitakiwa kufungua mashamba siku moja. Ilitengenezwa kwa pembe ya tandala, na mwiko wake ulikuwa mmoja. Tandala hakuuawa kwa ajili ya pembe. Walisema pembe ya mnyama aliyechomwa mkuki hulia kilio chake yenyewe, haiiti mtu. Pembe ilikuwa ya kuokotwa, ya mnyama aliyejifia kwa kiu au kwa uzee.

Tena haikuokotwa siku hiyohiyo. Pembe hushika mfupa kwa ndani, na ukiivuta mapema hupasuka. Huachwa miezi minne au mitano mpaka iachie yenyewe. Ikiachwa zaidi ya hapo, funza huitoboa.

Chidawali alikuwa na mikono, lakini macho alikuwa nayo mkewe, Sechelela. Yeye Chidawali aliona karibu tu. Mti wa mbali kwake ulikuwa moshi. Sechelela ndiye aliyeingia porini kutafuta. Akiona mzoga ambao pembe zake bado zimeshika, alichana kitambaa kwenye kaniki yake, akakifunga kwenye tawi juu ya mzoga, kisha akarudi nyumbani na kusema, "Nimeona mahali. Zikiachia nitakupeleka."

Mwezi wa mavuno Sechelela alishikwa na homa, na siku ya tatu akafa. Hawakuwa na mtoto aliye hai. Matanga yalipokwisha, jamaa walirudi makwao, na Chidawali akabaki kwenye tembe lake, nje kidogo ya kijiji, pamoja na vumbi na kimya. Alijipikia mwenyewe. Hakujua kupima unga wa mtu mmoja, kwa hiyo kila siku alisonga ugali wa watu wawili na kila siku nusu ilibaki. Aliona uchungu kuutupa, na aliona uchungu zaidi kuutazama.

Ugali ule ndio uliomleta mbwa. Alikuwa mbwa koko, mwekundu, mwenye sikio moja lililochanika. Alikula siku ya kwanza akaondoka, akala siku ya pili akabaki. Chidawali akamwita Afadhali. Mnajua watu wa kwetu humpa mbwa jina ili jirani asikie, basi majirani wakaulizana: afadhali kuliko nani?

Siku hizo baragumu ya kijiji ilipasuka. Jumbe akatuma mtu kwa Chidawali.

"Mzee, jumbe anakusalimu. Anataka baragumu mpya kabla ya mvua."

"Marahaba. Mwambie nimesikia."

"Amesema pia, kama macho hayakuruhusu, tutaagiza kwa mafundi wa ng'ambo ya korongo. Hakuna lawama."

Hakuna lawama! Maneno hayo yalimkaa Chidawali kooni kama mwiba wa samaki. Watu hawakuwa wakimjia kwa mazungumzo. Walimjia kwa pembe, na wakisubiri pembe walikaa, na wakikaa walizungumza. Kazi ikivuka korongo, ni nani angeishika tena njia ya kwake? Aliliona jambo hilo waziwazi, ingawa haoni mbali, na lilimtisha kuliko njaa.

Akaazimia kumfundisha Afadhali kutafuta pembe. Ndani ya nyumba kulikuwa na kipande kimoja cha pembe, ncha tu, isiyofaa kitu. Alikuwa amekizungushia kipande cha kaniki ya Sechelela kilichosalia, akakitundika kwenye nguzo tangu siku ya mazishi. Alikitungua amnusishe mbwa. Alitaka kukifungua, mkono ukakataa. Kaniki ile bado ilikuwa na harufu ya moshi na samli, harufu ya mtu mwenyewe. Akajiambia kwamba pua ya mbwa ni kali, pembe ataisikia humohumo ndani. Basi akamnusisha vilevile, kimefungwa.

Akakificha nyuma ya kinu, Afadhali akakipata, akapewa tonge lenye samli. Akakificha kwenye miti ya paa, kisha chini ya mawe ya zizi lililokuwa tupu. Mbwa alikipata kila mara. Kwa miezi minne Chidawali alizungumza na mbwa yule kuliko alivyozungumza na binadamu, akawa anamsifia kwa sauti kubwa ili wapita njia wasikie. Wapita njia walisikia, wakapita.

Mwisho wa kiangazi akamtuma porini. Afadhali alikwenda asubuhi, akarudi jua likiwa utosini, mkia ukichezacheza, na kinywani ana tambara. Chidawali alilipapasa, akalitupa pembeni.

"Nimekutuma pembe wewe, unaniletea takataka?"

Siku ya pili akaleta tambara jingine, na siku ya tatu jingine tena. Siku hiyo ya tatu Chidawali alimnyima tonge, akaketi kizingitini akamwambia mbwa maneno mabaya, kisha akalia, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na huyu ndiye aliyekuwa tumaini lake lote.

Mbeleje alikuwa akitoka kisimani na mbuzi wake. Alikuwa binamu ya Sechelela, na tangu matanga alikuwa akipita njia ile bila kuingia, kwa kutojua aseme nini. Siku hiyo alimsikia mzee akilia, akatua mtungi.

"Hodi, shemeji. Kuna nini?"

"Karibu. Hakuna kitu. Mbwa mpumbavu tu. Ninamtuma pembe, ananiletea matambara."

Mbeleje akaliokota lile tambara. Akaligeuza, akaokota na yale mawili. Akawa anayageuza na kuyageuza tena mpaka Chidawali akaudhika.

"Sema basi!"

"Shemeji, hukuyatazama haya?"

"Nitazame tambara nione nini?"

"Shika hapa." Akauchukua mkono wake, akauweka penye fundo. "Ni nani aliyekuwa akifunga hivi, mara mbili, akaingiza ncha kwa ndani?"

Vidole vya Chidawali vilijua kabla yake. Alilipapasa fundo lile, akalipapasa la pili, na la tatu.

"Ni alama zake," alisema. "Ni alama za pembe, Mbeleje. Na huyu ameziondoa mitini! Sasa nitajua wapi zilikuwa?"

Akanyanyua fimbo. Mbeleje akaushika mkono wake.

"Usimpige. Ulimnusisha nini?"

Chidawali alinyoosha kidole kwenye kile kifurushi kilichofungwa kaniki.

"Basi mbwa hana kosa," Mbeleje alisema polepole. "Mbwa huleta alichonusishwa. Ulimnusisha Sechelela, akakuletea Sechelela."

Chidawali aliangusha fimbo. Ndipo akaelewa kwamba kwa miezi minne hakuwa akitafuta pembe hata siku moja. Akamvuta Afadhali karibu, akampa tonge lake.

"Amezileta alama zote?" Mbeleje akauliza.

"Sijui. Kesho tutamfunga kamba, tumfuate."

Kesho yake wakafuatana porini, mbwa mbele akivuta, Chidawali nyuma yake, na Mbeleje akimwongoza mzee penye mashimo. Walikwenda mpaka miguu ikawaka. Afadhali akasimama chini ya mti wa mkambala, akaruka juu na kubweka. Juu ya tawi palikuwa na tambara la nne. Chini yake ilikuwapo mifupa myeupe, na kando ya fuvu, pembe mbili za tandala zilizokwisha kuachia zenyewe, nzima, bila tundu la funza. Chidawali aliziokota. Mbeleje alipotaka kumfungulia lile tambara, akamzuia.

"Liache hapo. Kazi yake limekwisha kuifanya."

Siku nne alichonga na kusugua. Siku ya tano hakuipeleka baragumu kwa jumbe. Alisimama mbele ya nyumba yake mchana mweupe, akaipuliza mara tatu.

Anayesikia baragumu haulizi, huenda. Wakaja mbio, wengine na mikuki, wengine na mitungi ya maji, jumbe mwenyewe akihema.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto."

"Simba?"

"Hakuna."

"Mtoto wa nani amepotea?"

"Hakuna mtoto."

"Sasa umetuitia nini, mzee?"

Chidawali aliishusha baragumu. Sauti yake ilikuwa ndogo, waliokuwa nyuma hawakuisikia.

"Nimesonga ugali mwingi," alisema. "Kila siku nasonga mwingi."

Walitazamana. Wako waliokasirika, sitawaficha. Lakini Mbeleje alitua mtungi wake, akanawa, akaketi chini, akamega tonge. Jumbe akaegemeza mkuki ukutani, akaketi pia. Ugali haukutosha, ikabidi usongwe mwingine. Walipoulizana mzee yule asiyeona mbali amepataje pembe, Mbeleje aliwajibu kwa maneno aliyoyasema kizingitini, na kila mmoja akaenda nayo kwake.

Tangu hapo huambiwa mzazi anayeshangaa tabia ya mtoto, kama jirani yetu wa jana. Mimi humwambia hata mtu anayeulaumu moyo wake kwa kurudi palepale kila siku. Asiupige fimbo. Auulize kwanza aliunusisha nini.

Sasa okoteni karanga zenu, na mmoja ampelekee Madinda kikombe cha chai, kwa maana jana aliiacha. Mwambieni hatumcheki. Mbwa huleta alichonusishwa.