Kabati la Bi Sange na Nusu ya Kiboko

Nigongeeni mlango, jamaa!
— Ngo, ngo, ngo!
Nani yuko ndani?
— Muongo wetu!
Mfungulieni, basi!
— Kwiiii!

Waongo ni nyinyi. Haya ya leo sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho haya mawili, nimekaa juu ya gogo pale kivukoni, natafuna muwa. Shule niliiachia darasa la tano, sikatai, lakini macho yangu yalifaulu.

Palikuwa na Bi Sange, mnyama mdogo mdogo, pua ndefu kama mrija, miguu kama njiti za kiberiti. Ukisikia chaka-chaka-chaka kwenye majani makavu, ndiye. Masika yaliyopita maji yaliingia jikoni kwake. Unga ukavunda, njugu zikaota kuvu, wanawe wakalala wakilamba vidole. Bi Sange akaapa: "Masika yajayo hayaukuti unga wangu sakafuni. Nitajenga kabati, na nitalijenga mwenyewe!"

Haya, kabati ni mbao. Lakini mbao gani? Paini, mwembe, mkongo, kwake zote zilikuwa kuni. Bi Sange hakujua mbao. Alijua mchwa tu, maana ndio kitoweo chake.

Tena mbao zilikuwa ng'ambo ya mto, msituni, na kivukoni alikaa Kiboko. Kila aliyepita na kitu, Kiboko alifungua kinywa: "Nusu yangu!" Na nusu ya Kiboko, jamani, ilikuwa robo tatu.

Siku ya kwanza Bi Sange akaja na ubao mweupe wa paini. Chaka-chaka-chaka.

"Nusu yangu!"

Kwacha! Kiboko akauuma, kipande kirefu akakitupa ghalani kwake, kifupi akamrushia mwenyewe.

Siku ya pili akaja na ubao wa mwembe. Chaka-chaka-chaka.

"Nusu yangu!" Kwacha!

Siku ya tatu akaja na ubao wa mkongo, wa kahawia, mzito, anauburuta huku anahema.

"Nusu yangu!" Kwacha! Safari hii jino lilimuuma, lakini alichukua.

Bi Sange akaweka mikono kiunoni. "Bwana Kiboko, mbao zote hizo za nini? Wewe hata jiko huna."

"Naziweka."

"Unaziwekea nini?"

"Zisiwe zako, we kipua."

Bi Sange akarudi na vipande vitatu visivyotosha hata kumlaza mende. Mawingu yameanza kujikusanya. Hakulia. Alikaa, pua ikamcheza, ikamcheza, kisha akainuka, akachukua kapu, akarudi msituni moja kwa moja hadi kwenye kichuguu.

Siku ya nne akaja na kapu la udongo mgongoni. Juu udongo mkavu, chini mchwa watupu, pamoja na malkia wao, mnene kama kidole gumba changu. Mate yalimjaa Bi Sange mdomoni. Ni sawa na mimi kubeba sufuria ya pilau kichwani tangu asubuhi bila kufunua. Lakini hakula. Hata mmoja!

"Nini hiyo?"

"Udongo wa kichuguu, Bwana Kiboko. Wa kukandika chini ya kabati."

"Nusu yangu!"

"Haya, chukua ya juu."

"Ya chini ina nini?"

"Ya chini? Aa... haina kitu."

"Mbona pua inakucheza?"

"Mafua."

"Nipe ya chini!" Kiboko akatega sikio. Ksss, ksss, ksss. "Mbona udongo huu unanong'ona?"

Bi Sange akainamisha kichwa. "Umenikamata. Ndio mzuri wenyewe huo. Nilitaka kuuficha."

Kiboko akacheka mpaka mto ukafurika kidogo. Akaumwaga udongo ghalani, juu ya mbao zote alizowahi kunyang'anya watu, akafunga mlango.

Toka hapo, kila asubuhi Bi Sange alivuka mto, akabandika sikio kwenye ukuta wa ghala. Ksss, ksss. Anarudi. Kesho tena. Ksss, ksss. Siku tisa.

Siku ya kumi ngurumo ikapiga. Kiboko akafungua ghala. Akagusa paini: pu! Vumbi. Akagusa mwembe: pu! Vumbi. Zilizobaki ni mbao za mkongo tu, nzima, zinang'aa.

"Uwiii! Nimeibiwa na midomo midogo!"

Bi Sange huyo, chaka-chaka-chaka, kamba ya kupimia shingoni. "Pole, Bwana Kiboko. Na hizi je?"

Kiboko akauma moja, akaitema. "Hata mchwa wamezikataa! Mchwa, wanaokula mpaka mikeka! Takataka gani hizi?"

"Nikutupie?"

"Tupa mbali! Zote!"

Bi Sange akazifunga mzigo, akaburuta hadi majini. Hapo akasimama, akageuka, na adabu zake zote. "Bwana Kiboko, umesahau nusu yako."

"Toka hapa! Mimi nile makombo ya mchwa?"

Ndiyo mara ya kwanza mzigo kuvuka mto ule ukiwa mzima.

Bi Sange akagonga. Mkongo ni mgumu: misumari kumi ikapinda, akanyoosha kumi, akagonga tena. Tone la kwanza la mvua lilipodondoka, unga ulikuwa rafu ya juu, njugu rafu ya chini, wanawe wameshiba. Na kule ghalani? Mchwa walikuwa wamenona. Bi Sange alikwenda na kijiko.

Fundisho: mpeni mwenye nguvu nusu yake bila kinyongo, tena mpeni ile nzuri. Na msiongope kwamba mna mafua.

Kabati limejaa?
— Limejaa!
Fungeni mlango!
— Kwiiii... paa!

Ila kuna neno moja nimelitia mwenyewe. Pale niliposema Bi Sange hakula hata mmoja njiani. Alikula wawili. Haya, watatu.