Mchumba Aliyetiwa Kasoro

Mwana hutazama kisogo cha nina. Mtoto aliyefungwa mgongoni hana dirisha jingine la kuuonea ulimwengu: kisogo cha mama kikigeukia kushoto, naye kushoto, kikielekea shimoni, naye huyoo, tena anapunga mkono. Asiyeamini na awaulize watu wa Nyakuron, mjini Juba, habari za Kiden na bintiye Mirembe wa miaka mitano.

Kiden na mumewe Jacob walirudi kutoka ukimbizini Uganda na godoro moja na ndimi mbili kali kama wembe. Vilivyobaki vyote nyumbani mwao vilipatikana kwa kupatana bei. Jacob aliwahi kumsema jogoo vibaya sokoni mpaka muuzaji akaona haya kumshika. Lakini bingwa alikuwa Kiden. Siku moja katika soko la Malakia alikiinua kiatu chekundu cha mtoto kwa ncha za vidole, kana kwamba ni panya aliyekufa.

"Kiatu gani hiki, Kato? Kimepinda. Mvua ya kwanza tu, rangi yote kwa jirani!"

"Mama Mirembe, wewe naua mimi!" alilia Kato, muuzaji kutoka Uganda. "Hii kiatu iko mzuri sana!"

Kiden akampa kisogo. "Twende, mwanangu. Kule mtaa wa Hai Cinema viatu vimejaa." Wakatembea polepole kama vinyonga. "Usigeuke nyuma," akanong'ona, akimkonyeza bintiye.

"Ya mama, rudi!" Kato akaita. "Kalas, basi, chukua kwa bei yako!"

Njiani Mirembe akauliza, "Mama, kumbe hukukipenda?"

"Nilikipenda mno. Ndiyo maana nikakisema vibaya. Kitu ukikisifu, utauziwa ghali."

Jioni Jacob aliposimuliwa alicheka akashika mbavu. Mirembe hakucheka. Yeye alikuwa darasani.

Mwaka huohuo Viola, dada yake Jacob, akapata mchumba. Matiya alikuwa fundi wa pikipiki, mpole kama maji ya mtungini, na Mirembe alimpenda kuliko sukari. Kikwazo kilikuwa mzee Konga, baba mkubwa aliyemlea Matiya. Bila neno lake hapakuwa na ndoa, na heshima ya mzee huyo ilihitaji kiti cha peke yake. Alikwisha kuvunja posa moja kwa sababu ya chai iliyopoa.

"Wifi, nakusihi," Viola alimwambia Kiden asubuhi ya posa, "ulimi wa Malakia uuache Malakia."

"Leo mimi bubu," Kiden akaapa. Na kweli akawa bubu. Hakuna aliyekumbuka kumwapisha Mirembe.

Wageni wakaketi, soda zikafunguliwa, mazungumzo yakanyooka. Mzee Konga, moyo umemkunjuka, akamwita mtoto. "Binti yangu, umemwonaje kijana wetu?"

Mirembe akamzunguka Matiya. Akainua pindo la suruali yake kwa ncha za vidole.

"Huyu? Miguu imepinda. Kichwa kimezidi. Na hii rangi, mvua ya kwanza tu, yote kwa jirani!"

Mirembe akamkonyeza mama yake, akamshika Viola mkono. "Twende, shangazi. Hai Cinema wachumba wamejaa. Usigeuke nyuma."

Mzee Konga akasimama, akachukua kofia yake. "Tumekuja kuposa, hatukuja kutukanwa. Matiya, inuka!"

"Malesh, samahani mzee wetu, ni mtoto," Jacob akabembeleza.

"Mtoto hatungi. Haya ameyasikia humu ndani."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Viola. Mirembe alifika mlangoni, akasubiri kuitwa. Wapi! Badala ya kuitwa, aliona duka linafungwa. Akaangua kilio. "Mbona hawatuiti turudi?"

Matiya akachutama mbele yake. "Kwani hunipendi, Mirembe?"

"Nakupenda mno! Ndiyo maana nikakusema vibaya! Mama alisema kitu ukikisifu utauziwa ghali!"

Macho yote yakamgeukia Kiden. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Juba wakati wa kiangazi ni ngumu.

Mzee Konga alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Basi hakuna mchumba aliyewahi kutakwa kama huyu!" Akaketi. "Lakini, mama Mirembe, mimi siridhiki kwa maneno ya mtoto. Sema wewe, naye akusikie. Kijana wetu yukoje?"

Kiden akasimama. Tangu azaliwe hakuwahi kukisifu kitu anachokitaka mbele ya mwenyewe.

"Ni mzuri, mzee. Miguu imenyooka. Hana kasoro hata moja. Tunamtaka."

"Mama!" Mirembe akamrukia ili amzibe mdomo. "Tumekwisha! Watatuuzia ghali!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na posa ikapokewa. Wageni walipoondoka, Jacob alitafuta wa kumkemea. Akaanza na Mirembe, akahamia kwa Kiden, akaishia kujikuna kichwa chake mwenyewe. Maana ni kweli tupu, mwana hutazama kisogo cha nina.