Jani la Sale Kwenye Chombo cha Maua

Ua la madhabahuni lina mzizi nyumbani.

Maneno haya tuliyasikia kwa Bibi Elinsia Jumamosi moja, sisi vijana wa kwaya tulipokuwa tukipiga deki kanisani. Theodora alikuwa ameketi benchi la nyuma, tambara likidondosha maji mkononi mwake, macho ameyafumba. Wiki ile alikuwa amefundisha watoto wa shule ya Jumapili, ameongoza mazoezi ya kwaya, amepika msibani, na kesho yake alitakiwa kusoma somo. Bibi alimtazama kitambo, kisha akamwuliza kile kitambaa cha mto alichokuwa akikidarizi kimefikia wapi. Theodora akajibu kwamba hajui hata sindano yake iko wapi. Ndipo Bibi akaitaja methali hiyo. Tulipomwuliza imetoka wapi, aliketi taratibu kwa ajili ya magoti yake, akasema imetoka humu humu ndani, na kwamba ilianza hivi.

Zamani, kanisa hili likiwa bado la mbao, palikuwa na mama akiitwa Aikande, mke wa seremala. Kihamba chao, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba, kilikuwa kule chini ya mfereji. Aikande alipenda maua. Aliyapanda katika makopo ya mafuta, katika masufuria yaliyotoboka, hata katika kiatu cha mvua ambacho mwenzake alipotea. Jioni, akishakata majani ya ng'ombe na kuinjika chakula, alikaa kizingitini na kikombe cha chai. Alichambua majani makavu, akageuza udongo kwa kijiti, akiimba nyimbo za kitabuni kwa sauti ndogo. Hakuwa akifanya hivyo kwa faida yoyote. Ilikuwa raha yake tu, na mumewe alizoea kusema kwamba mke wake husali kwa vidole.

Siku moja alipeleka mawaridi kanisani, watu wakayasifu. Umoja wa wanawake ukamwomba awe anapamba madhabahu kila Jumapili. Alikubali kwa furaha. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukataa, walimpa na vitambaa vya madhabahu avifue. Baadaye wakamwachia ufunguo wa kanisa, kisha zamu za kutembelea wagonjwa, kisha kupikia wageni. Kila kazi ilikuwa njema, na kila aliyemwomba alimwita mama yetu mpendwa.

Jirani yake, Mama Elifuraha, mwanamke aliyejulikana kwa maneno yake na kwa kuchelewa ibada, alimwona akipita mbio na ndoo, akamwambia kwamba mbinguni atapewa jembe, maana kukaa kitini hataweza. Aikande alicheka, akaendelea kwenda.

Lakini lilikuwapo jambo jingine, na hilo alijitwisha mwenyewe. Kwetu, mazao ya kwanza ya shamba hupelekwa kanisani kuwa malimbuko. Aikande akajiambia kwamba kila ua linalochanua ni malimbuko, kwa hiyo si halali lichanulie nyumbani. Akaanza kukata yakiwa bado vichipukizi, ili yafumbuke mbele ya madhabahu. Nyumbani kwake hapakuchanua ua tena. Kizingitini hakuketi tena. Maji aliyamwaga kwenye makopo akipita, kama mtu anayemtupia kuku mahindi, na zile nyimbo zikakoma bila mtu kutambua zilikoma lini.

Ikafika Jumamosi ya kuamkia Sikukuu ya Mavuno. Mkuu wa jimbo alikuwa anakuja. Aikande alikwenda uani na kisu chake na kukuta makopo yamebaki vijiti. Waridi moja tu lilikuwa na uhai, nalo lilikuwa na kichipukizi kimoja, kimefumba, chenye wekundu kidogo kwenye ncha. Akalishika shina. Alijua kwamba akikikata hicho, na waridi lile litakufa. Alijua pia kwamba asipokikata, madhabahu itakuwa tupu mbele ya mgeni. Alisimama hapo mpaka miguu ikamwuma, kisha akaketi kizingitini, mahali ambapo hakuwa ameketi kwa muda mrefu. Hakulia. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulia kulikuwa kazi nyingine.

Alipoinuka, hakwenda kwenye waridi. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la sale.

Nyote mnaufahamu mti huo tunaoupanda mipakani. Tangu enzi za babu zetu, mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la sale lililopigwa fundo. Na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe.

Kesho yake watu waliingia kanisani na ndizi zao, mahindi yao na vibuyu vya maziwa. Walipoinua macho, waliona kwenye chombo cha maua jani moja la kijani lenye fundo. Wazee wakatazamana. Baada ya matangazo, Mchungaji Mariki, ambaye alikuwa mtu wa mlimani kama sisi, hakupanda mimbarini. Akauliza kwa upole jani lile limeletwa na nani.

Aikande akasimama. "Ni mimi, Mchungaji."

"Unamwomba nani radhi, mama?"

"Mungu, na kanisa. Leo sina maua. Lipo moja, nimeshindwa kulikata." Akashika benchi la mbele. "Nimechoka, Baba. Siku hizi hata kusali nachoka."

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa, akasema kwamba mvua zimenyesha vizuri mwaka huu, maua yanaota tu.

"Yanaota wapi, mzee?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Elifuraha, ambaye ndiyo kwanza anaingia mlangoni na mkungu wake kichwani. "Umewahi kufika uani kwake? Mimi ni jirani, nimeona. Ua la madhabahuni lina mzizi nyumbani, na huo mzizi tumeula sisi."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa jimbo aliinamisha kichwa. Mchungaji akaenda madhabahuni, akalitoa jani kwenye chombo, likidondosha maji kwenye kanzu yake, akashuka nalo hadi aliposimama Aikande.

"Jani hili limepotea njia," akasema. "Hukupaswa wewe kulileta kwetu. Sisi tulipaswa kulileta kwako."

Akampa kwa mikono miwili. Aikande alisita, lakini jani la sale halikataliwi. Akalipokea.

Ufunguo wa kanisa ulipata mtu mwingine, na wagonjwa wakapata wa kuwatembelea. Madhabahu ilikaa bila maua kwa muda mrefu, na ibada haikupungua kitu. Katikati ya wiki ile ya Mavuno kichipukizi kilifumbuka pale uani. Aikande aliweka kiti karibu, akalitazama lile ua mpaka chai yake ikapoa. Hakulikata. Liliangusha petali zake pale pale, juu ya udongo wake. Uchovu wake haukuisha siku hiyo, wala mwezi huo. Ulimtoka pole pole, kama unavyoingia. Alipokuja tena kanisani na maua, waridi lilikuwa limepata matawi, naye alileta yale tu aliyokwisha kuyafurahia kwanza.

Bibi Elinsia aliishia hapo. Akanyoosha mkono akalichukua tambara la deki mikononi mwa Theodora, akalikamua yeye mwenyewe, akanipa mimi.

"Nenda katafute sindano yako, mjukuu wangu," akamwambia. "Somo la kesho atasoma mwingine."

Theodora alitaka kubisha, lakini Bibi alikuwa amekwisha kugeuka, anakokota benchi mahali pake.

"Nimekwisha kukuambia," akasema. "Ua la madhabahuni lina mzizi nyumbani."