Foleni ya Nyuma ya Kilima

Hapo zamani za kale, hata babu zenu hawajafikiriwa, wanyama walikuwa na nyumba, majiko, na watoto wa kuwasumbua. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Nyani walikuwa na kiwanja cha michezo huko juu kilimani. Walining'iniza pembea za mizizi kwenye miti mikubwa. Na kwenye mteremko walilaza gogo refu lililooza ndani likabaki wazi, wakalipaka mlenda. Mtoto anaingia juu, churururuu! anatokea chini kidimbwini, chubwi! Hakuna mtoto aliyeliona gogo lile akarudi nyumbani akalala usingizi.

Lakini kiwanja kilifunguliwa siku moja tu kwa mwaka, mvua zikishakatika. Na kuingia kulikuwa kwa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya mawe. Mnayajua mambo ya bombani: mtu anaweka ndoo yake kwenye mstari, anakwenda kupika, ndoo inamshikia nafasi. Basi na wao vivyo hivyo, ila kwa mawe. Unaweka jiwe mwaka huu, unacheza mwakani.

Tena si kuweka tu. Kila mwezi ukiandama lazima upande kilima uligeuze jiwe lako, Nyani waone kwamba bado unataka. Usipotokea, wanalitupa korongoni. Na ukitokea unakuta sheria mpya. Mara jiwe lisiwe na pembe. Mara liwe na pembe.

Aliyeyapenda mambo haya alikuwa mmoja tu, Kiboko. Kiboko alikuwa mkubwa, alikuwa na nguvu, na alikuwa na mipango. Mwaka mzima aliwafanyisha mkewe na mtoto wake mazoezi huko mtoni.

"Mashavu! Tukifika unapanda pembea ya kushoto. Kushoto ni wapi?"

"Huku, baba."

"Huko ni kulia! Rudia. Mama Mashavu, wewe utabeba maboga. Tutakula jua likiwa pale."

"Na tukisikia njaa kabla?" mkewe akauliza.

"Hatutasikia. Sijaipanga."

Sasa, ng'ambo ya mto aliishi Bi Nguchiro. Mnyama mdogo, mwembamba, mkia mrefu, mbio kama cheche. Alikuwa na mtoto mmoja, Mwanaidi. Mwaka uliotangulia walikuwa wa mwisho kwenye foleni, na walipofika langoni jua likawa limezama. Mwaka huu Mwanaidi alikuwa amekua. Siku moja walipokwenda kugeuza jiwe, mtoto alichungulia kwenye mdomo wa gogo, akajipima. Mabega yaligusa huku na huku.

"Mama, mwakani nitapita?"

"Hupiti," Bi Nguchiro akasema. Hakuona faida ya kumbembeleza.

"Kwa hiyo ni mwaka huu tu?"

"Ni mwaka huu tu."

Wakaendelea kupanda kilima kila mwezi, wakageuza jiwe, wakashuka. Mwezi wa mwisho walipofika hawakuliona jiwe lao. Pale lilipokuwa palikuwa na jiwe la Kiboko, kubwa kama sufuria ya harusi, na Kiboko mwenyewe ameliegemea.

"Bwana Kiboko, jiwe lako limelala juu ya langu."

"Lako lipi? Silioni."

"Liko chini ya lako."

"Kilicho chini ya jiwe langu ni ardhi, bibi. Nimelisogeza mbele kidogo tu. Mimi nina familia."

"Na huyu niliyemshika mkono ni kifurushi?"

Kiboko akacheka, hoo hoo hoo! Bi Nguchiro akamwendea Nyani wa langoni. Nyani akajikuna kwapa.

"Sheria inasema jiwe lionekane."

"Sheria ya lini hiyo?"

"Ya leo."

Bi Nguchiro hakulia wala hakugomba. Kumgombeza Kiboko ni kuchosha koo bure. Alirudi nyumbani, akabandika uji, akaukoroga huku anawaza mpaka ukaungua. Alichokuwa anawaza ni hiki: huyu bwana, je, kucheza kunamfurahisha? Mbona sijamwona akicheka juu ya pembea hata mara moja? Anacheka akiwa kwenye foleni tu. Hapendi mchezo. Anapenda nafasi.

Akaepua uji wake ulioungua, wakaula hivyo hivyo.

Siku ya kiwanja ikafika. Wanyama walipoanza kujikusanya langoni, Bi Nguchiro alimshika mtoto wake wakazunguka nyuma ya kilima, mahali penye kichuguu na nyasi tu. Akaokota jiwe dogo kama yai, akaliweka mbele ya kichuguu. Akasimama nyuma yake, mikono amefumbata. Mwanaidi akasimama nyuma ya mama yake.

"Mama, tunangoja nini?"

"Tunangoja wakubwa. Simama wima, na usicheke."

Wa kwanza kutokea alikuwa Kifaru. Haoni mbali, yule. Alikuja kujikuna kwenye kichuguu.

"Ala! Hapa kuna foleni?"

"Kama unavyoona, mjomba."

"Foleni ya nini?"

"Mjomba nawe! Mtu mzima kama wewe huna habari?"

Kifaru akaona haya. "Ninayo, ninayo. Nilikuwa nakupima tu." Akatafuta jiwe, akalibwaga, pu! Akasimama.

Nyati akapita akamwona Kifaru amesimama. Hakuuliza kitu. Pu! Naye akasimama. Nyuma ya Nyati akaja Pundamilia, na nyuma ya Pundamilia wakaja wote waliouona mgongo wa Pundamilia.

Kiboko alikuwa langoni, wa kwanza, yeye na mkewe na maboga yao. Akasikia watu wananong'ona: kuna foleni nyingine nyuma ya kilima, na wakubwa wote wamo. Lo! Kumbe kuna nafasi duniani ambayo hana! Akatimua mbio, ndi! ndi! ndi! mpaka mawe yakaporomoka. Mkewe na Mashavu wakamkimbilia nyuma.

"Pisha! Pisha! Hii ni ya mwakani? Kwa nini sikuambiwa?"

"Wenye kujua tunajua," Kifaru akasema, pua juu.

Kiboko akamsukuma Nyati, akamsukuma Kifaru, akabwaga jiwe jingine papo hapo nyuma ya kile kijiwe cha Bi Nguchiro.

"Ebo! Hapo nilikuwa mimi!" Kifaru akafoka.

"Ulikuwa," Kiboko akamjibu. Kisha akainama. "Bi Nguchiro, mbele yako yuko nani?"

"Mbele yangu simwoni mtu, Bwana Kiboko."

"Wewe ndiye wa kwanza?"

"Hata mimi nashangaa."

Kiboko akasaga meno, kwaruu.

Mara ngoma ya Nyani ikalia langoni, ngo! ngo! ngo! "Nyumba ya Kibokooo! Ingieni!"

Mashavu akaruka. "Baba! Sisi hao! Tunaitwa!"

Kiboko akatazama upande wa lango. Akatazama foleni. Kifaru alikwishaweka pua kwenye kisigino chake.

"Nenda, bwana," Bi Nguchiro akasema. "Mtoto anataka kucheza. Hapa Kifaru atasogea, si kitu."

"Si kitu? Ati si kitu!" Kiboko akapanua miguu, akajikita ardhini. "Mashavu, tulia. Ya leo tulishaipata. Sasa tunaitafuta ya mwakani."

"Lakini leo hatujacheza, baba!"

"Nyumba ya Kibokooo! Mara ya mwisho!"

Kiboko hakuondoka. Mashavu akalia, machozi ya kiboko hayo, yanalowesha nyasi. Mtauliza kama Bi Nguchiro alimhurumia. Labda. Lakini alikuwa na wake, na mabega ya mtoto hayangoji.

"Jamani, nishikieni nafasi," akasema. "Nampeleka mtoto mara moja. Jiwe langu hilo hapo."

"Nenda, nenda!" Kiboko akasema, akiomba moyoni asirudi.

Langoni Nyani alikuwa ameshaita majina yote. "Nyatiii! Kifaruuu! Salaale, wamekufa wote?"

"Sisi tupo," Bi Nguchiro akasema.

"Jiwe lako liko wapi?"

"Kati ya mawe haya yote, lipi ambalo mwenyewe yuko hapa?"

Nyani akayatazama mawe yaliyopangwa. Akaitazama njia tupu. Akajikuna kwapa. Sheria ya jambo hilo hakuwa nayo.

"Haya, piteni."

Mwanaidi akapanda mbio mpaka juu, akatia kichwa kwenye gogo. Akasukuma. Mabega yakakwama.

"Mama! Sipiti!"

"Toa pumzi yote!"

"Fuuuuu."

"Bado imebaki! Toa na ya jana!"

"Fuuuuuuu..."

Churururuuuu! Chubwi!

Akaibuka kidimbwini macho yametoka, mlenda hadi masikioni. Akakimbia kupanda tena. Alishuka mpaka mlenda ukaisha, Nyani wakapaka mwingine. Mara ya mwisho mama yake alimsukuma kwa mguu, ndipo akapita.

Huko nyuma ya kilima, Mama Mashavu aliyachoka maboga kichwani.

"Baba Mashavu, mimi nakwenda na mtoto."

"Ukitoka huna nafasi!"

"Nafasi ya nini?"

Kiboko akaendelea kulilinda jiwe lake. Mkewe akamshika Mashavu mkono wakaondoka, wakawahi pembea kabla jua halijashuka. Walibembea kidogo tu, lakini walibembea.

Kiwanja kikafungwa. Bi Nguchiro alirudi kwa njia ya nyuma, Mwanaidi amelala mgongoni, amelowa chapachapa. Foleni ilikuwa pale pale, imezidi urefu.

"Bi Nguchiro!" Kiboko akalalamika. "Mbona haisogei?"

"Umetazama mbele?"

Kiboko hakuwa ametazama. Akakiruka kile kijiwe, akaenda mpaka mwisho. Akakuta kichuguu. Akakizunguka. Akakuta mchwa.

"Umenidanganya!"

"Nilikuambia neno gani?"

Kiboko akalitafuta hilo neno. Hakulipata.

"Sasa... wewe unarudi kwenye nafasi yako?"

"Mimi nakwenda kupika."

Akaenda zake. Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha polepole, kwa pua, akakisukuma kando kile kijiwe kidogo kama yai, akalisogeza jiwe lake mpaka likagusa kichuguu.

"Mnaona?" akawaambia walio nyuma. "Sasa wa kwanza ni mimi."

Na Kifaru naye akasogea.

Basi mkumbuke hili: mipango ni ya kuifikia siku, na siku ikishafika iache mipango ukacheze na mtoto wako, maana yeye anakua.