Mlango wa Kabati la Bi Raya

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, kwa maana vifaa nitakavyovitaja vingali vinauzwa madukani, paliondokea mjane mmoja akiitwa Bi Raya. Aliishi peke yake katika mtaa wa nyumba zilizoegemeana, ukuta mmoja ukiwatumikia majirani wawili: upande huu Bi Raya, upande ule Mzee Ussi, mgane wa miaka mingi.

Sebuleni mwa Bi Raya palisimama kabati la mninga, kazi ya mikono ya marehemu mumewe, Nassor. Mlango wake haukufunguka kando kama milango mingine. Bawaba zilikuwa chini. Ukivuta kitasa, mlango huinama mbele, hulala juu ya minyororo miwili, huwa meza. Juu ya meza hiyo mume na mke walikunywa kahawa kila alfajiri. Nassor ndiye aliyeufungua, na kila alipoufungua aliupokea kwa kiganja, akaushusha kimya, kama mtu amlazaye mtoto.

Nassor akafariki, na kiganja kikaenda naye. Tangu siku hiyo mlango ulianguka wenyewe: paa! Na kila ulipoanguka, Mzee Ussi aligonga ukutani: ko, ko, ko!

"Bi Raya! Utaamsha maiti!"

"Samahani, Mzee Ussi!"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kila siku, na siku nyingine ndiyo yaliyokuwa ya mwisho.

Sasa jueni desturi ya mji ule. Mgeni hunywea kikombe chochote. Lakini mtu akipewa kikombe chake katika nyumba, kikatundikwa kwenye msumari wake, huyo si mgeni tena. Huingia bila hodi, na siku asipokuja huulizwa yuko wapi. Kabatini mwa Bi Raya palikuwa na misumari miwili. Kikombe cha Nassor kilibaki kwenye wa pili, na ingawa hakuna aliyekinywea, Bi Raya alikiosha kila siku, akikiimbia kwa sauti ndogo:

"Kikombe changu cha pili, kinywa chako kiko wapi?"

Alfajiri moja mnyororo ulikatika, mlango ukamwangukia kifundo cha mkono. Bi Raya alijifunga kitambaa, akaketi, akalitazama kabati. Kuumia hakukumliza. Kilichomliza ni kwamba aliita "Nassor!" kabla hajakumbuka. Kulipokucha akatoka barazani, akasema watu wasikie: "Atakayeushusha mlango wangu kama alivyoushusha Nassor, kikombe cha Nassor ni chake."

Wa kwanza kufika alikuwa Fundi Faki, seremala wa mtaa, mcheshi, mwenye penseli sikioni hata siku ya sikukuu. Alileta mikono miwili ya chuma yenye mafuta ndani, ile inayozuia mlango usianguke.

"Hii ndiyo yenye nguvu kuliko yote dukani, Bi Raya. Hii ingezuia hata lango la ngome."

Akauunga mnyororo uliokatika, akaifunga mikono hiyo. Mlango ukavutwa, ukafika nusu ya njia, ukagoma. Ukaning'inia hewani kama mkono wa ombaomba.

"Fundi," akasema Bi Raya, "nitawekaje kahawa juu ya mteremko?"

Faki akajikuna kichwa, akaleta mikono mingine, dhaifu. Paa! Na ukutani: ko, ko, ko!

Wa pili alikuwa Thuwaiba, binti wa kaka yake Bi Raya, aliyekaa kisiwa cha pili na kuja kwa nadra. Safari hiyo alikuja kwa arusi ya shemeji yake, akafikia kwa wakwe zake mtaa wa pili. Akaona kitambaa mkononi mwa shangazi yake, akaona aibu.

"Shikamoo, shangazi. Mbona hukuniita?"

"Marahaba, mwanangu. Ningekuitia mlango?"

Thuwaiba akamfanya Faki aung'oe mlango, wakaubeba hadi kwa muuza papa wakauweka kwenye mizani, watu wakiwacheka njia nzima: "Kilo ngapi za mbao, tukapike mchuzi?" Akapima uzito, akapima kimo, akaenda dukani. Akauliza mkono upi umefanywa kwa mlango wa uzito ule na kimo kile. Si wenye nguvu kupita yote, bali unaolingana. Akachukua miwili, wa kulia na wa kushoto, mlango usije ukapinda.

Faki akaifunga, safari hii bila mzaha. Katika kila mkono palikuwa na skrubu ndogo ya kupunguza na kuzidisha mwendo. Akamwambia Bi Raya: "Fumba macho. Nionyeshe kwa mkono wako alivyokuwa akiushusha."

Bi Raya akafumba macho. Mkono wake mzima ukashuka hewani, polepole, ukasita kidogo karibu na mwisho, ukatua. Faki akautazama, akakaza skrubu. Akautazama tena, akalegeza. Mlango ukashuka, ukasita kidogo karibu na mwisho, ukatua.

Bi Raya akafumbua macho, akaupapasa mlango kwa kiganja.

Alfajiri iliyofuata aliufungua mwenyewe. Mlango ulishuka kimya. Akamimina kahawa, akangoja. Hakujua anangoja nini, hata alipojikuta ameutazama ukuta. Ukuta haukugongwa. Naye hakuwa na wa kumwomba samahani. Nyumba haikupata kuwa tupu kama alfajiri ile.

Mara, kishindo! Mlango wa mbele ukavunjika komeo, na Mzee Ussi akaingia kwa bega, miguu mitupu, kikoi upande.

"Bi Raya! U hai?"

"Ni hai, Mzee Ussi. Mlango wangu ndio uliokufa."

Mzee akashika ukuta, akahema. "Sikusikia. Nimengoja, sikusikia."

"Si ndiyo raha yako? Miaka yote hii wanigombeza."

"Nilikuwa nakugombeza?" Mzee Ussi akatikisa kichwa. "Nilikuwa nakujibu. Mke wangu alifia nyuma ya ukuta huu alfajiri, nami nimelala, sikusikia kitu. Wewe ukisema samahani, mimi hujua umeamka. Nami nikigonga, hujua kuna mtu anayejua kwamba na mimi nimeamka."

Kishindo kilimleta Faki, kikamleta na Thuwaiba, begi mkononi, akienda kupanda meli. Walipoona kikombe cha Nassor kingali msumarini, kila mmoja akanena.

Thuwaiba akasema: "Shangazi, bila mimi mlango ungali unaning'inia au unaanguka. Mimi ndiye niliyechagua. Nitundikie hicho, nijue nina nyumba huku, hata nikija mara moja kwa mwaka."

Faki akasema: "Bila mimi mlango ungeshuka, lakini kama wa dukani. Chuma hakikumjua marehemu, mimi nilikifundisha."

"Wewe una vikombe mtaa mzima!" akasema Thuwaiba.

"Na kila siku ninavinywea," akajibu Faki. "Chako kitanywewa na vumbi."

Mzee Ussi akajifunga kikoi vizuri. "Mimi sikuushusha mlango, sikuahidiwa kitu. Nassor aliupokea kwa kiganja. Mimi, tangu alipokwenda, nimeupokea kwa sikio. Ukininyima kikombe sitalaumu. Ila mikono hiyo naomba ing'olewe, unisamehe."

"Ing'olewe!" Faki akapiga ukelele.

Bi Raya akakitoa kikombe msumarini. Akakijaza kahawa, akakishika kwa mkono uliofungwa kitambaa, wote watatu wakikitazama, na mvuke ukipanda.

Kikombe ni kimoja, na ahadi ilinenwa barazani, watu wakisikia. Enyi mlionisikiliza, semeni kabla kahawa haijapoa: aliyechagua, aliyefunga, au aliyesikiliza? Je, nani alistahili?