Chui Aliyeomba Mwiko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa mlima. Juu ya mlima?"
"Jiwe!"
"Juu ya jiwe?"
"Pimbi!"
"Na chini ya jiwe?"
"Masikio yetu! Mimina!"

Hapo kale, wakati ngozi ya Chui haikuwa na doa hata moja, Pimbi aliishi kwenye mlima wa mawe pamoja na mkewe. Walikuwa na watoto wanne: Tunu, Kombo, Mwaka, na Kidete, kitinda mimba. Majirani waliwaita Baba Tunu na Mama Tunu.

Pimbi wana desturi yao. Wengine wakiota jua au wakila, mmoja hupanda jiwe la juu akalinda. Akiona hatari, hupiga mluzi, fyuuu! Wote huingia pangoni, puru, puru, puru. Baba Tunu akilinda, Mama Tunu hupika. Mama Tunu akilinda, Baba Tunu hutafuta majani.

Ukaja ukame. Korongo wa ng'ambo wakatangaza kuwa wanatafuta yaya wa kulea vifaranga vyao. Mama Tunu akawaaga wanawe, akapanda mgongo wa Korongo, akaenda.

Kila jioni sauti yake ilirudi. Alimpa Mbayuwayu wa kule, huyo akampa mwenzake, mwenzake akampa mwenzake, bahari ikavukwa, hadi Mbayuwayu wa mlimani akaitoa vilevile ilivyotoka, pamoja na kikohozi chake. Kasoro ilikuwa moja. Mbayuwayu alifika palepale watoto walipofumba macho. Watoto walikurupuka, "Mama! Mama!" na Baba Tunu akaanza upya kubembeleza. Kila jioni alimshukuru Mbayuwayu kwa mdomo na kumlaani kwa moyo.

Siku moja, adhuhuri, Baba Tunu alikuwa juu ya jiwe akilinda. Chini, uji ukafurika. Chwaaa! Hapakuwa na wa kuukoroga. Akashuka, akashika mwiko, akakoroga. Alipoinua macho, Chui alikuwa amejilaza mlangoni mwa pango. Watoto walikuwa ndani.

"Shikamoo, Mama Tunu!" akasema Chui, akacheka hadi sharubu zikatikisika.

"Marahaba," akajibu Baba Tunu.

Chui akaacha kucheka. "Nimesikia mwenye nyumba kasafiri, nyumba imebaki na mwiko. Nimekuja kula."

"Uji upo."

"Uji kunywa wewe. Mimi nataka hao wanne. Wewe utakuwa wa kushushia."

Baba Tunu akaushika mwiko kwa mikono miwili. Akatazama mbinguni. Hapakuwa na ndege. Akaendelea kukoroga.

"Sikuzuii, Bwana Chui. Mwenye nguvu hazuiwi. Ila nakuonea huruma. Mtoto wa pimbi akiliwa yuko macho, hulia. Akilia, nyongo humpasukia, nyama yote ikawa chungu kama shubiri. Na mmoja akilia, wote huanza. Sharti washibe wote, waoge wote, walale wote kwa pamoja. Hapo nyama huwa laini kama ini."

Mate yakamdondoka Chui. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Kazi za nyumbani, unazijua."

"Kazi za wanawake," akasema Chui. "Lete huo mwiko."

Chui akapakua uji. Tunu akanywa. Kombo akasema una moto. Chui akapuliza, fuu, fuu, fuu. Kombo akasema sasa umepoa mno. Chui akaupasha. Mwaka akanywa wa Tunu. Tunu akanuna. Kidete akamwaga wake wote. Chui akapakua upya.

"Wameshiba wote?"

"Bado," akasema Baba Tunu.

Wakashiba. Chui akachota maji kijitoni, akawaogesha, chubwi, chubwi, chubwi. Alipomaliza kumsugua Kidete, Tunu alikuwa amekaa kwenye majivu. Alipomaliza kumsuuza Tunu, Kombo na Mwaka walikuwa wamepindua chungu wanapiga ngoma, mikono myeusi kwa masizi.

"Wameoga wote?"

"Bado."

"Mjomba Chui," akauliza Kombo, "mbona wewe una mkia na sisi hatuna? Na jiwe likianguka, huumia nani?"

Chui hakuwahi kumjibu mtu swali maishani mwake. Akajibu. Kila jibu likazaa swali.

Wakaoga wote, ila masizi yakagoma kutoka mikononi, yakawaenea wote wanne. Jua likainama. Chui akaanza kuwalaza. Akabembeleza kwa ngurumo ya chini, rrrm, rrrm. Tunu akalala. Kombo akalala. Mwaka akaomba maji. Chui akampa maji, Kombo akaamka anataka kukojoa. Chui akampeleka nje, akarudi naye, akamkuta Kidete amekaa katikati ya pango, anacheka peke yake.

Baba Tunu alisimama mlangoni akitazama. Huyu ndiye mnyama anayempandisha swala mzima juu ya mti kwa meno. Sasa alikuwa akinyata kwa ncha za kucha, amebana pumzi, kumpita mtoto asiyejaa kiganja. Kwa mara ya kwanza Baba Tunu aliiona kazi yake kwa mbali, kama mlima anakoishi bila kuwahi kuutazama. Hivi ndivyo ninavyofanya? akajiuliza. Na Mama Tunu alifanya haya yote, kisha akapanda jiwe kulinda?

Ghafla pakawa kimya. Kimya ambacho Baba Tunu hakukisikia tangu Tunu azaliwe. Watoto wote wanne walikuwa wamelala.

Chui akanong'ona, "Wamelala wote?"

Baba Tunu akatazama mbinguni. Hapakuwa na ndege.

"Wamelala," akasema.

Chui akainama juu ya Kidete. Akafungua kinywa. Baba Tunu akaunyakua mwiko, akaruka mbele.

Viii! Viii!

"Wanangu! Hamjambo huko?" Ilikuwa sauti ya Mama Tunu, na kikohozi chake.

"Mama! Mama! Mama!" Watoto wakaruka wote kwa pamoja. Wakakanyaga tumbo la Chui, wakapanda mgongo wa Chui, wakashika masikio ya Chui, mikono yote masizi, kila mmoja akitaka kuwa karibu na mlango, karibu na sauti.

Chui akaketi chini. Chozi likamtoka.

"Tunaanza upya?" akauliza.

"Kuanzia uji."

"Nani hufanya haya?"

"Mimi."

"Leo na lini tena?"

"Kila siku, Bwana Chui."

Chui akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari fupi, akairudia. "Na huyo mwenye sauti?"

"Mke wangu. Alifanya haya kabla yangu, tena akilinda juu ya jiwe. Sasa analea vifaranga vya Korongo."

"Wangapi?"

"Hajapata nafasi ya kuwahesabu."

Manyoya ya Chui yakasimama. "Atarudi?"

"Atarudi."

Chui akainuka. Akatoka kinyumenyume, kichwa chini, kama atokaye mbele ya mfalme. Alipofika nje akasema, naye safari hii hakucheka, "Shikamoo, Baba Tunu."

"Marahaba."

Akashuka kijitoni, akajisugua, akajisugua, akajisugua. Masizi hayakutoka. Mtazame vizuri leo: yale si madoa, ni vidole vya watoto.

Mbayuwayu alikuwa bado ametua mlangoni. "Mama Tunu anauliza mmeshindaje."

"Mwambie salama tu," akasema Baba Tunu. "Mwambie alikuja mgeni, akatusaidia kuogesha."

"Anauliza pia kama watoto wamelala."

Baba Tunu akageuka. Tunu alikuwa majivuni. Kidete alikuwa ndani ya chungu.

"Mwambie bado."

Mafunzo ya ngano hii ni kwamba kazi za nyumbani ni nyepesi, wala hazihitaji nguvu. Ndiyo maana wababe hawazigusi hadi leo. Asiwaambie mtu kuwa wanaogopa.

Ngano yangu imelala hapo. Mkiiona tamu, tugawane. Mkiiona chungu, kuna mtoto amelia.