Nani Aliyetengeneza Programu ya Sufuria?

Kaeni vizuri, na simu zenu wekeni chini. Hasa simu, maana leo sitaki kusikia hata mlio wake. Nina mkasa umenishinda, na nyinyi mtanisaidia. Mko tayari? Haya.

Hapa Muheza, mtaani kwetu, tuna kikundi cha vyombo vya shughuli: sufuria kubwa kumi na nne, sahani mia tatu, majamvi na maturubai mawili. Mwenye harusi anaazima, mwenye msiba anaazima. Mimi Mama Shemboza ndiye mwenyekiti, kwa makosa yangu mwenyewe.

Katika kikundi hicho kuna watu watatu wenye vipaji. Wa kwanza ni Mwantumu, fundi cherehani. Kipaji chake ni kueleza. Akikuelekeza nyumba usiyoijua, unafika bila kuuliza mtu. Wa pili ni Mhina, mtunza stoo. Kipaji chake ni kutoamini. Akifunga kufuli anarudi kulivuta mara tatu, na karatasi yoyote anayopewa lazima aitolee kopi. Wa tatu ni Bi Raya, mjane wa miaka sitini na moja. Kipaji chake ni kuona kasoro. Kwenye pilau ya watu mia tatu likiwamo jiwe moja, litaingia kinywani kwake, na mtaa mzima utajua.

Mwaka jana harusi na msiba viligongana. Daftari letu lilikuwa limelowa mvua, hakuna aliyejua nani ameandikwa, na familia mbili zikagombania sufuria maiti ikiwa bado haijazikwa. Sijawahi kuona aibu kama ile. Ndipo Mwantumu akaniambia, "Mama, siku hizi hata asiyesomea kompyuta anatengeneza programu ya simu. Unaieleza akili bandia unachotaka, nayo inaandika." Nikasema haya, jaribuni. Laiti ningenyamaza!

Mwantumu akaanza. Aliandika, "Nitengenezee programu ya sufuria," akaletewa duka la kuuza sufuria, lina picha na bei juu. Mimi nilishakata tamaa. Yeye akakaa siku mbili, akaandika kurasa tatu: nani anaazima, nani anasaini, sufuria ikirudi imetoboka inakuwaje. Safari hii ikaja programu yetu kabisa. Mtu anachagua siku, vyombo vyake vinawekwa. Tukapiga vigelegele.

Kisha zamu ya Mhina. Miezi miwili baadaye Mwantumu aliiomba akili bandia ibadilishe rangi ya kitufe, kutoka buluu kwenda kijani. Rangi tu, jamani! Ikabadilisha rangi, na majina yote ya walioweka siku yakatoweka. Mwantumu akapiga kelele, nayo ikamjibu kwa adabu, "Samahani sana, uko sahihi kabisa." Usahihi wa nini wakati harusi sita zimepotea? Mhina akatoa flashi mfukoni. Kumbe kila jioni alikuwa anachukua nakala ya kila kitu, na sisi tukimcheka. Kabla ya chai kwisha, majina yote yalikuwa yamerudi.

Na Bi Raya? Siku moja alichukua simu, akajifanya amefiwa, akaomba vyombo vya Jumamosi ambayo ilikuwa na harusi. Programu ikajibu, "Samahani, vyombo vimeshachukuliwa. Tafadhali chagua tarehe nyingine."

Bi Raya akaitupa simu kwenye jamvi. "Tarehe nyingine! Basi mwambieni marehemu asubiri hadi Jumanne!"

Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba msiba ukitokea, wenye harusi wanaachia sufuria bila kuulizwa, wanaazima za majirani. Mwantumu hakuliandika, maana nani anaandika jambo linalojulikana na kila mtu? Lakini mashine haikuzaliwa Muheza. Mwantumu akaieleza, Mhina akachukua nakala, ikarekebishwa.

Wiki ile ile jirani yetu Mzee Singano akafariki Ijumaa, na kesho yake palikuwa na harusi. Simu ikawaarifu wenye harusi, ikawatafutia sufuria kwa majirani, na msiba ukapikiwa. Hapakuwa na neno baya hata moja. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Furaha ilidumu siku nne. Ikaja barua kutoka chuo kimoja cha mjini. Wamesikia habari zetu, wanatoa nafasi ya kusoma miezi sita bila ada, na kompyuta ya kubaki nayo. Wanataka jina la "aliyetengeneza programu". Moja.

"Ni mimi," akasema Mwantumu. "Niliacha shule kidato cha pili, hii ndiyo nafasi yangu. Mimi ndiye niliyeieleza. Wao walikuwa wanakunywa chai."

"Na ulipoipoteza yote, ulikunywa nini?" akauliza Mhina. "Bila nakala zangu hakuna programu. Nami sijawahi kuitwa popote zaidi ya stoo."

"Mngekwenda kuwatukana wafiwa kwa simu," akasema Bi Raya, "na chuo kingewasikia kwa hilo. Au mnaona mimi nimezeeka, sifai kusoma?"

Nimejaribu kuwasuluhisha kwa wiki mbili. Nimeandika chuoni kuomba nafasi tatu, wamekataa. Nimependekeza kura, wote watatu wakanuna. Jana, kwa kuchoka, nikaiuliza akili bandia yenyewe. Ikasema wote wana mchango mkubwa, je, ningependa iniandikie barua ya pongezi? Nikaiambia nataka jina moja. Ikasema, "Uko sahihi kabisa," ikanitajia yale yale matatu! Nilitaka kuitumbukiza simu kwenye ndoo.

Na sasa kuna jipya. Tangu asubuhi programu inahesabu majamvi mara mbili. Mwantumu hataki kuieleza, Mhina amefungia flashi zake kabatini, Bi Raya anaona kosa na anakaa kimya, yeye ambaye hajawahi kukaa kimya maishani mwake. Hawasalimiani. Kila mmoja ameapa kwamba akienda mwenzake, yeye na kikundi basi. Nikimwandika mmoja, nimempa maisha mapya, na nimewapoteza wawili na programu yao. Nisipomwandika yeyote, nafasi inakwenda mtaa mwingine, na watatu wote watabaki walivyokuwa.

Barua inatakiwa kesho saa sita mchana. Nyinyi mmewasikia wote watatu, na hamna undugu nao. Msinijibu kwa kunionea huruma, huruma ninayo ya kutosha. Nipeni jina. Je, wewe ungeamua vipi?